Kabichi za Mradi Pale kwa Ma Ngidi

Wajukuu, mimi nimeona shamba la kabichi lililoota usiku mmoja.

Musicheke. Bia niliacha tangu Uvira, kule Congo.

Ilikuwa Jumamosi. Nilitoka kwetu hapa Chatsworth na taxi, nikaenda kule milimani, mbali na Durban, kusalimia mukwe wangu Ma Ngidi. Mtoto wake njo alioa binti yangu Gracieuse. Mama mjane, roho nzuri, akicheka anacheka na tumbo yote. Iko na ng'ombe zake na kipande cha malisho pembeni ya mto. Basi, njo mali yake yote.

Nafika, nakuta tenti, viti, muziki, hotuba.

Ni mradi wa serikali wa kuendeleza mikoa. Ulikuwa wilaya moja tu, sasa wanauongeza kwa wilaya za vijijini. Hata mimi nilifurahi.

Kumbe pale pa malisho, eish! Kabichi. Mistari na mistari, nono kama mashavu ya mheshimiwa.

"Mukwe, ulilima lini?"

"Hawu, Baba! Jana ilikuwa majani tu. Wamezileta na lori tukiwa tumelala. Wanasema ni bustani ya mfano, ni yangu. Nikiweka kidole kwenye karatasi yao leo, shamba linaingia mradi."

"Na ng'ombe watakula wapi?"

Akaangalia chini. "Watu wa mradi watasema."

Kijana wa mradi, Steve, viatu vinang'aa kuliko akili, akaja na wino wa kidole, akamwita Ma Ngidi gogo, njo bibi kwa Kizulu.

"Gogo, twende. Mgeni rasmi anangoja."

Mimi hotuba zilishanichosha. Nikaaga, nisikose taxi ya kurudi.

"Ngoja kwanza," Ma Ngidi akasema. "Mukwe wangu haendi mikono mitupu."

Kwao ni kama kwetu. Mukwe akitoka bila kitu mkononi, ni haya ya nyumba nzima. Akaingia bustanini.

"Gogo, usiguse!"

"Si umesema ni yangu?"

Akashika kabichi mikono miwili, akavuta na nguvu za shamba.

Puu! Akaanguka chali, kabichi juu ya kifua.

Haina mzizi! Akavuta ingine. Na ingine. Zote zimekatwa na kisu, zimekalishwa kwenye udongo kama waumini kanisani.

Steve akanivuta pembeni. "Madala, mzee wangu, tulia. Ni za picha tu. Hata wilaya ya kwanza tulifanya hivi hivi. Wakubwa waliona picha, wakapenda, njo maana mradi umeongezwa."

Wajukuu! Kumbe kitu walichoongeza ni uongo!

Nilimwambia Ma Ngidi yote, palepale, kwa sauti.

Hakulia. Alificha kidole chake ndani ya ngumi, akaenda zizini, akafungua mlango.

Ng'ombe wakashuka wote. Kabichi krach, krach, mbele ya tenti.

Unafikiri mgeni rasmi aliona haya? Thubutu! Alichukua maiki: "Munaona? Mradi umeshaanza kulisha mifugo!"

Na watu wakapiga makofi. Makofi! Nikatema mate chini, puuh.

Lakini kidole hakikugusa wino. Malisho yamebaki ya Ma Ngidi.

Mushike hii ya babu yenu: shamba yenye kuja na lori itaondoka na lori, na udongo wako juu yake. Kabla ya kuweka kidole, vuta kwanza uone mzizi.