Ubongo Hauli Samli

Baba alikuwa fundi cherehani mjini Tabora. Kiharusi kilimkuta akimpima mteja kanzu: mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Daktari alimwambia mama kwamba damu ina mafuta mengi na mishipa ya kichwani inaziba; ale uji na mboga, samli asiiguse. Mama alishika neno hilo, na taratibu baba akaanza tena kutuita kwa majina yetu.

Ndipo shangazi, dada yake mkubwa, aliposhuka kwenye basi la Nzega na kibuyu cha samli. Miaka ile ya Ujamaa hata mafuta ya kupikia tuliyapangia foleni, kwa hiyo majirani walikuja kukitazama tu. Shangazi akasema mdogo wake amekaukiwa na ubongo.

"Kichwa ni mafuta, wifi. Hujauona ubongo wa mbuzi? Usipotiwa mafuta, maneno yatatoka wapi?"

Mama akamweleza aliyoyasema daktari. Shangazi akacheka, akasema daktari hakumlea ndugu yake. Kisha akauliza polepole, "Au wifi una lako jambo?"

Kwetu mke anayezuia samli iliyoletwa na wifi yake hujiitia mwenyewe maneno ya watu. Mama akampisha jikoni. Kila asubuhi shangazi alimnywesha baba uji unaoelea samli, akimfuta mdomo kwa upendo, na upendo ule niliuchukia kuliko kibuyu chenyewe. Bado nauchukia.

Kiharusi cha pili kilizoa maneno yote. Baba alinitazama, akafungua kinywa, jina langu halikutoka. Hakumaliza wiki.

Uzeeni nimepimwa mimi, nikaambiwa nina lehemu nyingi, ndiyo mafuta yale yale ya damu. Nikamuuliza daktari kuhusu ubongo. Akasema ni kweli unaihitaji lehemu, ila hujitengenezea yake wenyewe, hauingojei ya sahani. Kumbe shangazi alikuwa na nusu ya ukweli. Nusu hiyo ilitosha kumzika baba.

Siku ya hitima ya baba, samli iliyobaki ilipikiwa pilau. Watu wakala, wakasifu, wakasema siku nyingi hawajaonja samli kama ile. Shangazi, vidole vikimeremeta mafuta, akawaambia waliokaa naye mkekani:

"Wifi alimbania. Angempa mapema, ndugu yangu angepona."

Mama alisikia. Akamwongezea pilau.