Shemeji Aliyefuata Neno la Siri

Hebu mtazame huyo mama anavyoingia langoni mwa hospitali: mkoba begani, tabasamu limeshapangwa, viatu vinagonga sakafu kama vya mwenye nyumba. Makao makuu ndio waliomtuma. Hospitali zote za kampuni zimekubali mitandao yao iendeshwe kutoka huko juu. Imebaki hii moja, na msimamizi wa mtandao wake ni mume wa dada yake. Wakubwa si wajinga.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunisalimia au kunizika?"

"Una maneno wewe! Nimekuja kukupumzisha. Mtambo ukigoma, watahangaika wao."

Shemeji hakucheka. Alimpeleka kwenye kioo cha wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati. Mtoto akizidiwa, mashine yake hupeleka habari kwa mtandao, kengele ikalia mezani kwa wauguzi. Mtandao ukizimwa, hata kwa matengenezo, kengele hailii, na muuguzi hudhani watoto wamelala. Ndiyo maana yeye hazimi kitu kabla ya kupiga simu wodini: "Simameni kando ya vitanda." Kisha hungoja mpaka ajibiwe, "Tumesimama, baba."

"Hao wa kwenu watapiga?"

Yule mama hakujua. Hakuwa ameuliza popote alikopita. Lakini amechoka, na hii ndiyo ya mwisho. Mdomo ukaitangulia akili.

"Watapiga, shemeji. Nakuahidi."

"Haya. Angekuwa mwingine ningemfukuza. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Wakarudi ofisini. Shemeji akaliandika neno lake la siri kuwakabidhi makao makuu mtandao, akabonyeza. Kioo cha kompyuta kikafifia, kikaleta maandishi: Mfumo unasasishwa. Mitambo yote itazimwa na kuwashwa upya.

"Sasa hivi? Mbona hawajapiga?"

Akajaribu kuzuia. Huna ruhusa. Akarudia. Huna ruhusa. Akanyakua simu ya mezani, nayo hupitia mtandao uleule; ilikuwa imekufa. Akaitupa, akatoka mbio, kiti kikaanguka nyuma yake.

Mama alibaki peke yake, simu ya mkononi sikioni, anawatafuta makao makuu. Sauti laini ya mashine ikamwambia simu yake ni muhimu sana, tafadhali asubiri. Nyayo za shemeji zikapotea ukumbini.

Ahadi ameitoa yeye. Ufunguo wanao wengine. Ungekuwa wewe uliyebaki chumbani mle, ndugu yangu, mlango ukifunguliwa ungemwambia nini?