Mfalme wa Mpingo na Koti la Marehemu

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na cheti changu cha masomo ya jioni mkononi, kwamba mtani akivaa koti la marehemu msibani, roho ya marehemu humwingia kooni, na lolote atakaloamuru kabla ya kulivua ni wasia. Jamaa mmoja wa Rondo aliniapia kuwa baba yake mdogo alipuuza amri ya namna hiyo, akaota mkia. Mimi nikauliza urefu wa mkia tu.

Basi akafariki mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Lindi, mzee aliyetawala mpaka kiti kikachukua umbo la makalio yake. Mjane wake akaniagiza nimchonge kwa mpingo, ameketi kama mfalme, akae sebuleni kuanzia siku ya arobaini. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila fundi wangu kunisimamia. Nikiipatia, nami ni mchongaji. Nikiikosea, narudi kupiga msasa vinyago vya wenzangu hadi Kiyama.

Siku ya kuondoa matanga, mtani wa marehemu, mzee wa Njinjo mwenye miguu ya korongo, akavaa koti la mwenyekiti na kutembea akikohoa vilevile alivyokohoa marehemu. Waombolezaji wote wakaangua kicheko. Akaninyooshea fimbo.

"Wewe mchongaji, nichonge nimekumbatia sinia la pilau, mdomo wazi, taji limenifunika macho. Shida zenu sikuziona, sinia nililiona."

Watu walicheka mpaka wakagaagaa. Mimi peke yangu nilitoa daftari nikaandika.

Fundi aliposikia ninachotaka kuchonga, aliniuliza kama nina homa. Nikamjibu kisomi kwamba zamani wafalme wa Ulaya waliweka wachekeshaji wa kuwaambia ukweli, na wachoraji wakawachora bega kwa bega; mimi nawabana mfalme na mchekeshaji katika gogo moja, kubana matumizi. Akasonya, akaniacha. Nilitoboa, nikakwangua, nikavunja patasi tatu kwenye punje za wali peke yake. Nani kanituma kuchonga punje?

Arobaini ikafika, kinyago kikafunuliwa. Mtani mwenyewe alishika kichwa, akasema ukorofi wake wote haujawahi kufika pale. Mjane akakifunika kinyago taratibu, akaniita jikoni.

"Mama, ilikuwa amri yake," nikajitetea. "Alikuwa ndani ya koti."

Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mwanangu, mtani huvaa koti atuchekeshe, tusizame kwenye huzuni. Akimaliza analivua, nalifua, naanika. Hakuna roho wala amri. Cha sebuleni atachonga fundi wako. Wewe ulitakiwa ucheke tu, kama wenzako."