Kisanduku cha Hewa Kwenye Paa la Doreen

Fundi wa visanduku vya mbao vya kuingizia hewa mashuani hakuwahi kutoboa paa la mashua kabla ya kuliomba radhi. Alilipapasa kwa viganja vyake vipana, akalinong'oneza, kisha akacheka kicheko chembamba kama cha mtoto anayetekenywa. Doreen Tranter, aliyezaliwa ndani ya mashua ile nyembamba ya kuishi na kuirithi kwa baba yake, alisimama ukingoni mwa mfereji na chai iliyopoa. Miaka yote chumba kilitoa jasho na mablanketi yakanuka ukungu. Lakini tundu kwenye paa la baba!

"Likivuja, nakutupa majini."

"Nitupe na keki yangu, bibie," alijibu fundi, akitoa kipande mfukoni.

Kila ubao aliupiga randa, akaupitisha shavuni, akaupiga randa tena. Kisanduku kilipokaa juu ya tundu, na matundu yake ya pembeni yameinamia chini, akashuka chumbani na shati lake jeupe, akajilaza chali kitandani mwa Doreen, chini ya kisanduku hasa. "Mwaga!"

Doreen akapanda paani, akakimwagia kisanduku ndoo ya maji. "Umelowa?"

"Nimejaa makombo ya keki tu! Mwaga nyingine!"

Akamwaga nyingine, na nyingine, huku akicheka. Halikudondoka hata tone. Upepo tu uliingia, ukapeperusha pazia lililokuwa limeganda tangu zamani. Fundi akatoka nje kifua mbele, mkavu. Doreen alikuwa bado ana ndoo moja iliyojaa. Wakatazamana. Fundi akavua kofia taratibu, akafumba macho, akatandaza mikono.

"Haya, mwaga, bibie. Huku kichwani hakuna fundi aliyepita kuzuia maji."