Jogoo wa Madeha Ametaga

Nilitoka Chimwaga siku ya Alhamisi kwa sababu ya sentensi moja. Mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo hapa na kulala kwangu, aliandika maisha ya baba yangu, mzee Madeha, yasomwe Jumamosi kule Mlowa siku ya kuweka msalaba kaburini. Aliandika vizuri. Kwamba alikuwa mkulima, mfugaji, mzee wa kanisa, kwamba aliishi miaka ambayo hakuna aliyeijua idadi yake, akaacha watoto, wajukuu na vitukuu. Nikamwambia, "Ongeza kwamba alisaga." Akanitazama, akaandika: Mama alipougua, Baba alipiga magoti, akasaga uwele kwenye jiwe, tukala.

Yona, mdogo wangu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Aliposomewa kwa simu alisema hiyo ifutwe.

Nyinyi wajukuu zangu mlioshindwa kuja, mmezaliwa mkakuta mashine za kusaga, hamwezi kujua. Zamani kwetu jiwe la kusagia lilikuwa la mwanamke kama vile maziwa ya mama yalivyo ya mwanamke. Mwanamume hata kulivuka alikuwa hapendi. Akilipigia magoti, wenzake kwenye pombe hawampi kiti. Na mimi nilikuwa na miaka kama saba, Yona bado ananyonya, mama yuko kitandani hawezi hata kugeuka. Majirani walitusagia wiki ya kwanza, ya pili wakachoka. Nikajaribu mimi. Jiwe lilinishinda, vidole vikatoka damu, damu ikaingia kwenye unga. Baba alikuja akanishika bega akasema, "Toka hapo, mwanangu." Akapiga magoti yeye. Mama alilala vile masika mawili, na sisi hatukulala na njaa.

Sasa mtu kama huyo unamfuta?

Saa tatu asubuhi nilishuka Mlowa, maana maneno kama haya hayasemwi kwenye simu. Nilimkuta Yona anatoa ng'ombe zizini. Anawapigia mluzi uleule aliokuwa anawapigia baba, unapanda, unashuka, unakatika ghafla. Ng'ombe wale hawajui fimbo, wanajua mluzi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sentensi yangu umeifuta?"

"Dada, Jumamosi wanakuja wachungaji, wanakuja wakwe. Unataka wasikie baba alipiga magoti kwenye jiwe?"

"Si alipiga?"

"Nani aliona?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba hata fisi anamwona amevaa kofia." Akafunga zizi. "Mlete mtu mzima aliyeona kwa macho yake. Mmoja tu. Akisema mbele za watu, isomwe. Hayupo, tunafuta, na tusigombane juu ya kaburi."

Alisema hivyo akijua rika la baba lote liko chini ya udongo. Nikabeba mfuko wangu, chai yake sikunywa.

Mkewe Meriana alinisindikiza hadi barabarani. Yule mama ana akili kuliko anavyoonyesha. Akanong'ona, "Wifi, wauza samaki wanasema yule Bibi Sechelela wa Mtera bado yupo. Bado anatukana watu."

Sechelela. Alikuwa bi harusi mpya nyumba ya pili kutoka kwetu, kule kijiji chetu cha zamani, kabla hatujahamia Mlowa. Sikurudi Chimwaga. Nilipanda basi la kwenda Iringa.

Kutoka Mlowa hadi Fufu nilikaa dirishani nikitazama mibuyu na vumbi, nikimwona baba. Njia hii aliipita akielekea Mlowa nilikotoka mimi, anaswaga ng'ombe, mwaka ule bwawa la Mtera lilipojaa na kijiji chetu kikaingia majini. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nilikwenda kusaidia kubeba kuku. Alibeba milango ya nyumba yetu ya tembe, alibeba mizinga ya nyuki, akabeba hata kizingiti. Jiwe aliliacha. Nilimuuliza, akasema, "Lile limeshafanya kazi yake, lipumzike." Kule Mlowa alianza upya akiwa na mvi, akachimba, akapanda, akasomesha watoto wasio wake. Mkono wake ulikuwa mzito kama mpini, lakini sikumbuki ukinipiga.

Saa nane mchana nilifika Mtera. Upepo wa pale unakuvua kilemba. Nilielekezwa nyumba ya mvuvi, mwanawe Sechelela. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kigoda nje, kisu mkononi, anapara samaki, magamba yamemjaa hadi kwenye nyusi.

"Mbukwa, mama," nikamsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Sogea, unanikinga jua."

Nikasogea. Nikajitaja. Akanitazama miguu, akapanda hadi usoni.

"Binti wa Madeha. Mbona umezeeka hivyo?"

"Na wewe je, mama?"

"Mimi nina haki. Wewe una haraka gani?"

Nikacheka, nikakaa chini. Nikamweleza habari ya Yona na sentensi. Akaweka kisu.

"Anasema haikuwa? Basi msikilize mtu wa kwanza kumtukana baba yako."

Akanisimulia. Wanawake walisaga alfajiri, na kila mmoja alikuwa na wimbo wake, maana jiwe ni zito na wimbo ndio unaosukuma mikono. Ukiwa umelala unajua huyu anayesaga ni fulani. "Kwenu nikasikia jiwe linakwenda, wimbo hakuna. Nikasema, huyu ni mchawi au ni nani? Nikachungulia kwenye kitundu cha tembe. Nikamwona Madeha, magoti chini, ndevu nyeupe kwa unga, na mtoto kamfunga mgongoni kwa kaniki."

"Mtoto yupi?"

"Huyo huyo anayetaka shahidi."

Alicheka hadi akakohoa. Siku ileile, alisema, alitunga wimbo wa kumzomea, wakauimba kisimani wanawake wote. Akaniimbia. Kwa Kiswahili maneno ni haya:

Jogoo wa Madeha ametaga,
njooni mlione yai,
lina ndevu, lina ndevu.

Maneno sikuwahi kuyasikia. Lakini sauti ile, inapanda, inashuka, inakatika ghafla. Niliishikilia ardhi kwa mikono miwili. Ulikuwa mluzi wa baba.

"Akapita na ng'ombe pale kisimani," Sechelela akaendelea. "Tukaukatisha wimbo. Akauliza, nani katunga? Nikasema mimi, nikajua leo napigwa. Akasema, 'Ahsante. Nilikuwa nasaga bila wimbo.' Kesho yake alfajiri alisaga anauimba wimbo ule, kwa sauti, kijiji kizima kinasikia. Sasa utamcheka vipi mtu kwa jambo analoliimba mwenyewe? Tukaacha." Akachukua kisu, akakiweka tena. "Mimi nilipojifungua wa pili nikaumwa, mume wangu alinisagia. Alifunga mlango, mwoga yule. Lakini alisaga. Kwa nani alijifunza, unafikiri?"

Nikatoa simu. Neema alinifundisha kurekodi, nikamwomba auimbe tena.

"Sauti yangu haiendi mahali mimi sipo," akasema. "Tutakwenda wote."

Mwanawe akaja mbio. "Mama, mgongo wako huo, barabara ile?"

"Mgongo ni wa kwako? Katafute samaki."

Nililala kwao. Ijumaa Sechelela alishinda anatafuta kanga nzuri na kuwaaga majirani kama anayekwenda ng'ambo. Jumamosi alfajiri tukapanda basi. Kwenye bwawa akagonga kioo kwa kidole. "Hapo chini, upande ule, ndipo lilipo jiwe lenu." Maji yalikuwa ya kijivu, yametulia. Kondakta akamwambia, "Bibi, kaa vizuri." Akamjibu kwamba amekaa vizuri tangu kabla mama yake kondakta hajaota meno.

Saa nne tuliingia Mlowa. Ibada imeshaanza, watu wamejaa chini ya turubai, Neema anasoma. Nilimshika Sechelela mkono tukapita katikati. Neema akaacha kusoma. Yona alikuwa kiti cha mbele, amevaa koti.

"Nimemleta mmoja," nikamwambia.

Sechelela hakueleza kitu. Alipiga magoti kwenye mkeka, taratibu, kiungo kimoja kimoja, akanyoosha mikono, akaanza kusaga pale pasipo na jiwe. Akaimba. Wazee wawili wakainamisha vichwa, wakwe wakatazamana. Mstari wa kwanza, wa pili, lina ndevu, lina ndevu.

Ng'ombe wakalia. Zizi liko nyuma ya nyumba, siku ile hawakutolewa kwa ajili ya wageni. Waliposikia sauti yao walidhani wanaitwa, wakasogea wote langoni, wakausukuma mti wa lango, wanalia.

Yona aligeuza kichwa akawatazama. Akamtazama yule bibi.

"Na mimi nilikuwa wapi?" akamuuliza, kwa sauti ndogo.

"Mgongoni kwake. Ulikuwa umelala."

Kisha Yona akamgeukia Neema. "Soma hiyo sentensi. Na uongeze kwamba nilikuwa mgongoni."

Neema akasoma, na akaongeza.

Nilichojifunza ni hiki. Baba aliishi muda mrefu, lakini si miaka iliyonifanya nijivune. Wengi wanaishi miaka. Yeye alitupiwa tusi, akalichukua, akalifanyia kazi hadi likawa unga, akatulisha, kisha akawapa ng'ombe wake walifuate nyumbani jioni. Sijawahi kuona mwanamume mwingine wa hivyo, na nimeona wanaume wengi.

Jumapili alfajiri, nikiwa nafunga mfuko nirudi Chimwaga, nilisikia lango la zizi linafunguliwa. Nikangoja mluzi. Haukuja. Yona alikuwa anawatoa ng'ombe kwa maneno ya wimbo, kwa sauti yake mbaya, kijiji kizima kinasikia: jogoo wa Madeha ametaga.