Nyumba Iliyopanda Lori Kwenda Kiwanja

Niliondoka Goma kwa sababu ya msalaba mwekundu. Watu wa ofisi ya ujenzi waliupaka kwenye mlango wa nyumba yangu ya mtaa wa Katoyi, maana yake isiuzwe mpaka nipate leseni. Kazi yangu ni kununua nyumba za mbao zilizochakaa, kuzitengeneza na kuziuza, na nyumba ile ilikuwa imemeza kila nilichokuwa nacho. Bila leseni ingebomolewa.

Mhandisi Paluku, mkubwa wa ofisi, si mtu mbaya, ila ni mtu wa sheria hadi kucha. Alitaka kuona kwa macho yake nyumba moja niliyoitengeneza, yenye watu ndani.

"Ile ya mtaa wa Mapendo niliuzia Mama Espérance," nikamwambia. "Lakini haiko tena Mapendo, papa. Ilienda mji wa Kiwanja, kule kaskazini."

"Ilienda? Nyumba inaendaka?"

"Ilipanda lori."

Kwetu tunaouza nyumba za mbao hilo si ajabu. Mama Espérance alikimbilia Goma wakati wa vita, akanunua nyumba yangu iliyosimama kwenye ardhi ya kupanga. Kulipotulia kwao Kiwanja, aliifungua ubao kwa ubao akarudi nayo. Paluku alikuna kichwa, akasema basi tutaifuata.

Asubuhi tulipanda gari la mizigo, tukakaa juu ya magunia. Kibumba kulikuwa na baridi na kabeji kila upande, nami nilipiga soga bila kukoma.  Baada ya Rugari, kando ya barabara nyumba zilikuwa zimechomwa, zimebaki misingi ya mawe. Vita vilikuwa vimepita tena Kiwanja tangu Mama Espérance arudi, na simu yake ilikuwa haipatikani. Niliogopa, nisiseme uongo. Nilimwogopea yeye na watoto wake, kisha, kwa haya, nikaiogopea leseni yangu.

Kwenye kizuizi askari alitutazama kwa mshangao.

"Batu bote banatoka kule, nyinyi munaenda kufanya nini?"

"Kutafuta nyumba," Paluku akajibu, na askari akatupisha kama walevi.

Mchana tulifika Kiwanja, tukaulizia njia sokoni. Niliitambua nyumba kwa mbali, nikapiga vigelegele palepale. Lakini upande wa barabara ulikuwa ukuta mtupu.

"Ulisahau mulango?" Paluku akauliza.

Mama Espérance akatokea nyuma, kwenye migomba, mikono ina unga. Tulikumbatiana hadi unga ukahamia kwangu. "Mulango tuligeuza," akasema. "Wakati wa vita, mulango hautazamake barabara."

Paluku alisukuma nguzo kwa bega, akagonga kuta, akatazama dari. Kisha akaona namba nilizoandika kwa rangi upande wa ndani wa kila ubao.

"Hizi ni za nini?"

"Ni mimi naziandika," nikasema. "Mutu akihama, ajue ubao gani unafuata gani."

Mama Espérance akacheka. "Papa, vita iliporudi tuliifungua, sisi bamama tu, bila fundi. Tukalaza mbao kwenye migomba, tukafunika na majani, tukakimbia. Benye bunduki balipita hapa kuchoma, hawakukuta nyumba. Tuliporudi, tukaisimamisha tena."

Nilikaa chini nikalia kwa nafuu. Paluku alijifanya anapima kizingiti. Baadaye tukala viazi na maharagwe, naye akaongezewa mara mbili.

Jioni tulirudi Goma.  Njiani niliwaza jinsi nilivyokuwa nikiona haya kila wenye nyumba za matofali waliponiuliza lini nitajenga kitu cha kudumu. Safari ile ilinifunza kwamba ninachouza kinadumu kwa namna yake, na sitainamisha kichwa tena.

Kesho yake, ofisini, Paluku alitia sahihi, akapiga muhuri, akanikabidhi leseni. Halafu akashusha sauti.

"Mama Kavira, nyumba yangu ni ya matofali. Siku ya kukimbia, miye nitabeba nini?"

"Ufunguo, papa," nikamwambia.