Adabu Iliyomzika Nesi wa Chemchem

Tumemzika nesi wetu mstaafu wa hapa Chemchem, na hasira niliyonayo imenifanya niianze safu hii mara tatu na kuifuta. Pale msibani kila aliyesimama alisema siku yake ilikuwa imefika. Uongo. Nilikuwapo. Aliuawa na kipande cha nyama ya ng'ombe, na sisi tukiwa tumemzunguka.

Hakuwa na maneno matamu mama yule. Nilipopigwa kiwiko cha pua mpirani nilifika kwake nimeinua uso kama kuku anayekunywa maji, damu yote ikinishukia kooni. Hata shikamoo hakuisubiri. "Nani kakutuma uangalie mbinguni? Inama mbele! Unataka unywe damu yako?" Akanibana pua pale penye ulaini, akaniamuru nihemee mdomo, na kwa dakika kumi hakuniachia hata nilipolalamika. Kisha akamulika ndani kwa tochi kutafuta uvimbe kwenye ukuta wa katikati, maana huo, alisema, ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Niliondoka nimenuna.

Alipostaafu alizunguka kwenye jumuiya akifundisha habari za kupaliwa. Anayekohoa kwa nguvu mwacheni akohoe. Mwogopeni aliyeshika koo, kanyamaza, macho yamemtoka. Huyo msimpe maji wala tonge la ugali la kusukumia. Mwinamisheni, mpigeni kwa kiganja katikati ya mabega, mara tano, kwa nguvu. Ikishindikana, mkumbatieni kwa nyuma mumminye tumbo juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu. Tulicheka sana siku alipomkumbatia katekista ili tuone. Aliyejifunza vizuri kuliko wote ni mume wa binti yake, muuguzi kama yeye.

Basi, ilikuwa mchana, komunyo ya kwanza ya mjukuu wake. Yeye alikaa mkekani na wanawake, mkwewe huku kwetu wanaume, kwa kuwa kwetu Wanyamwezi mwanamume hali chakula pamoja na mama mkwe wake, sembuse kumgusa. Ghafla wanawake wakapiga kelele. Mama ameshika koo, sauti haitoki. Mkwe alifika wa kwanza, akasimama hatua mbili kutoka kwake. "Mpigeni mgongoni! Kwa nguvu!" Nani ampige mtu mzima yule? Wakampapasa kama mtoto anayebembelezwa alale. "Pole mama. Meza mate, mama." Mimi nilileta maji. Nilifundishwa na mwenyewe, na bado nilileta maji. Mkwe alipopiga magoti kumshika, shangazi mmoja akamkemea: "We baba, si mkweo huyo!" Akarudisha mikono. Alipokuja kumkumbatia kwa lazima, mama alikuwa amelegea.

Simlaumu mkwe peke yake. Desturi ya ukwe naipenda, imetulindia nyumba nyingi, lakini siku hiyo tuliitumia kujificha. Wengi wetu tuliogopa tu kuonekana hatuna adabu mbele ya wageni. Makaburini hakuna aliyemkemea yule kijana aliposhika jeneza la mama mkwe wake, akalibeba mpaka shimoni, akilia waziwazi.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukinikuta mezani nimeshika koo na sisemi kitu, usijiulize mimi ni nani wako. Nipige.